Vitabu vya falaki: mzigo wa Tungue usio na risiti

PALMA, Cabo Delgado – Mfanyabiashara anayevuka Mto Ruvuma kutoka Kilambo, mkoani Mtwara, kwenda Namoto upande wa Msumbiji, anazijua vizuri karatasi za forodha za mchele, sukari na vitenge. Lakini ipo bidhaa moja iliyopita njia hizi miaka mingi bila risiti: vitabu vya falaki, vya tiba na vya tarika. Vingine vilinakiliwa kwa mkono, vingine vilipigwa chapa Cairo na Bombay, vikateremka pwani na majahazi ya kaskazi.

Leo vitabu hivyo viko hatarini, na watu wanaopita mpakani kila wiki ndio wanaoweza kuviokoa au kuvipoteza.

Ghuba la Tungue, ulipo mji wa Palma, liligombaniwa na Sultani wa Zanzibar na Wareno hadi Wareno walipoliteka kwa nguvu mwaka 1887. Bendera ilibadilika, lakini walimu wa chuo waliendelea kutazama Zanzibar, Kilwa, Lindi na Komoro. Tarika za Shadhiliya na Kadiriya ziliingia kaskazini mwa Msumbiji mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, zikiletwa na masheikh wa Komoro na Zanzibar. Pamoja nao zilikuja nyiradi, maulidi na vitabu.

Kilichomo ndani

Kinachotajwa zaidi ni Shamsul Maarif, kitabu kinachonasibishwa na Ahmad al-Buni, mwanachuoni wa Afrika Kaskazini aliyefariki mwaka 1225. Kimejaa majedwali ya herufi, nambari, nyota na saa.

Msingi wa elimu hiyo ni abjadi, ambapo kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Mwalimu wa falaki huchukua jina la mtu na la mama yake. Ali ni 110, Mariamu ni 290, jumla 400. Ukigawanya kwa 12 zinabaki nne, na buruji ya nne ni Saratani, yaani kaa. Hapo ndipo mwalimu huanza kumsomea mteja wake mambo ya ndoa, maradhi, ushirika wa biashara na siku ya safari. Mwezi ukiwa katika Akrabu, yaani nge, msafiri huambiwa asubiri.

Nahodha naye alikuwa na hesabu yake, ya Nairuzi: mwaka wa jua wa siku 365, uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi. Kwa hesabu hiyo alijua kusi inaanza lini na bahari inafungwa lini. Abjadi haiwezi kumwambia mtu nani atamlipa deni. Nairuzi, kwa upande wake, iliwafikisha watu bandarini. Elimu zote mbili zilikaa kwenye sanduku moja, na anayechoma sanduku huchoma zote.

Hofu ya wasiosoma

Watawala wameviogopa vitabu na barua hizi kwa muda mrefu. Mwaka 1908 ilisambaa pwani ya kusini ya Tanganyika, hasa Lindi, barua iliyoitwa Barua ya Makka, ikieleza ndoto na kuwahimiza Waislamu wajiandae kwa siku ya mwisho. Wajerumani, ambao vita vya Majimaji vilikuwa vimewatikisa muda mfupi tu kabla ya hapo, waliona ni uchochezi na kuwasaka walioieneza.

Waingereza walileta Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo bado ipo kwenye vitabu vya sheria vya Tanzania. Msumbiji, baada ya uhuru wa mwaka 1975, Frelimo ilipiga vita ramli na uganga kama mabaki ya ujinga. Ndani ya Uislamu wenyewe, wanaodai marekebisho wanaziona talasimu kuwa ni shirki.

Kisha vikaja vita. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Machi 2021 yakaifikia Palma yenyewe. Maelfu walikimbia kwa mashua na kwa miguu. Anayekimbia hubeba mtoto na chakula kwanza. Sanduku la vitabu hubaki kwenye unyevu, mchwa na moto.

Thamani yake ni nini?

Mwaka 2003 UNESCO iliingiza mkusanyo wa miswada na vitabu vya Kiarabu vya Zanzibar katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Mkusanyo huo una maandishi ya tiba na falaki pia. Maputo, Nyaraka za Kihistoria za Msumbiji zinahifadhi barua za Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, ambazo wakuu wa pwani ya kaskazini waliandikiana na Wareno.

Kwa hiyo anayeombwa kubeba "kitabu cha babu" akauze upande wa pili afikiri mara mbili. Sheria namba 10/88 ya Msumbiji inalinda mali za urithi na kudhibiti utolewaji wake nje ya nchi. Tanzania nayo ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kitabu kikikamatwa mpakani bila kibali, mwenye mzigo ndiye atakayejibu, si aliyemtuma.

Njia salama ni kukiacha kitabu mikononi mwa familia na kukipiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, kwenye mwanga wa mchana na bila kukifungua kwa nguvu. Ukurasa wa mwisho usisahauliwe. Hapo mara nyingi mnakili ameandika jina lake, mji wake na mwaka wa Hijria, na pembeni huweza kuwapo tarehe za kuzaliwa watoto au madeni ya jahazi. Mnunuzi wa talasimu hana haja na ukurasa huo. Lakini kwa watu wa Tungue waliotawanyika kuanzia Pemba hadi Mtwara, huenda hapo ndipo pekee jina la babu yao lilipoandikwa.