PEKE YAKO NDANI YA BANGKOK

Mtu akitoka Lubumbashi peke yake, akapita Addis Ababa na kushuka Bangkok, inchi ya Thailand, hawatamuuliza kwanza iko na pesa ngapi. Watamuuliza karatasi ya manjano. Kongo yetu iko katika hesabu ya inchi zenye homa ya manjano, na pale uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi kuna meza ya waganga. Unapaswa kupita pale mbele ya kufika kwa watu wa paspoti. Msafiri aliyetoka Ulaya anapita moja kwa moja, wewe unageuka kwanza kwa waganga. Usikasirike. Sindano yenyewe ipigwe siku 10 mbele ya kuingia, na viza itafutwe ungali nyumbani.

Kisha unatoka inje, na hakuna mtu. Hakuna shemeji, hakuna ndugu wa kanisa mwenye kushika kikaratasi chenye jina lako. Paka wewe na valizi yako, katika mji wenye watu kupita milioni 10 ukihesabu na miji ya pembeni. Wenyewe hawauiti Bangkok, wanasema Krung Thep. Mfalme Rama wa kwanza aliuanzisha mwaka 1782 kandokando ya mto Chao Phraya, na Wazungu hawakuitawala inchi ile hata siku moja. Kwa hiyo Kifaransa chako kinakufa pale pale uwanjani, na hata Kiingereza hakifiki mbali. Lugha yao iko na sauti 5: neno moja ukilipandisha ao kulishusha linageuka neno lingine. Mwenye kusema Kiluba nyumbani ataelewa mara moja hatari iko wapi, kupita Mzungu.

Je, utamwamini nani? Mimi naona swali hiyo njo kubwa katika safari ya namna hii, kupita hata pesa.

Anza na barabara, juu ya barabara inaweza kukuua siku ya kwanza. Kule magari yanapita upande wa kushoto, sawa vile ukivuka Kasumbalesa kuingia Zambia. Sisi tumezoea kutazama kushoto kwanza. Kule gari inatoka kuume. Na mistari nyeupe ya kuvukia isikudanganye, madereva wengi hawasimami. Fanya vile wenyeji wanafanya: ngoja mama mwenye vitunga ao watoto wa masomo, uvuke pamoja nao, wewe upande wa mbali na magari.

Magari yenyewe mara mingi yamesimama tu, juu ya msongamano. Mwaka 1999 walifungua gari la moshi linalopita juu ya nguzo, na mwaka 2004 lingine la chini ya udongo. Ni safi, ni baridi, na mgeni hawezi kupotea mule. Lakini kama unataka kujua mji, panda boti ya mfereji wa Saen Saep. Mfereji ule ni mwembamba, maji yake ni meusi na harufu yake haipendezi. Boti inafika kwa nguvu, haifungwi vizuri, unapaswa kuruka. Hakuna mtu wa kukungojea, hata bibi mzee anaruka. Waliokaa pembeni wanavuta kamba, na turubai la plastiki linapanda ili maji machafu yasiwarukie watu. Boti ikifika mahali pa kushukia wanalishusha tena. Mkaa pembeni akisahau kamba yake, wa nyuma wote wanalowana, basi hakuna anayesahau. Mlipishaji anavaa kofia ngumu, anatembea inje kabisa, juu ya ukingo wa boti, mkono moja umeshika kamba, mkono mwingine unapokea pesa. Madaraja mengine ni ya chini sana, basi paa la boti linashuka na yeye anainama. Wewe unanyoosha pesa na kusema jina la mahali, hata kwa sauti mbaya. Atakurudishia chenji. Hakuna mtu pale mwenye nafasi ya kukudanganya, kazi yake ni mingi.

Chakula vilevile. Usitafute karatasi ya majina ya vyakula. Tafuta mama mwenye masufuria 10 ao zaidi yaliyopangwa mezani, onyesha kwa kidole mbili ao tatu, atakupakulia juu ya wali. Wanakula kwa kijiko. Uma ni ya kusukuma tu. Vijiti vile vya Wachina wanavitumia zaidi kwa tambi. Na sasa jambo la kufurahisha mtu wa kwetu: watu wa Isaan, maana yake wa kaskazini-mashariki, waliokuja Bangkok kutafuta kazi kama baba zetu walivyokuja kutafuta kazi kwenye migodi, wanakula wali mzito wenye kunata. Wanaukata kwa vidole, wanaufinyanga kitonge, wanachovya. Ni mkono wa bukari kabisa! Kandokando yao mtu anaponda papai bichi ndani ya kinu, pamoja na pilipili. Madudu ya kukaanga yako pia, panzi na viwavi, na mbele yao ni Wazungu ndio wanaopiga kelele, si sisi. Inchi ile inauzisha muhogo inje kupita inchi zote za dunia, lakini sombe usiitafute.

Tufike sasa kwa mawe, juu ya hapa watu wa Kolwezi, Likasi na Kipushi wako na akili ambayo wageni wengine hawana.

Karibu na jumba kubwa la wafalme, mtu aliyevaa vizuri atakukaribia. Kiingereza chake ni laini. Anauliza unatoka wapi, uko peke yako? Kisha anasikitika: "Leo wamefunga, ni siku kuu." Anaita tuk-tuk, ile motokari ya magurudumu 3, ikutembeze kwa bati 20 tu, bei isiyonunua hata petroli. Kwenye hekalu dogo utakuta mtu mwingine, eti kwa bahati, anayekuambia kwamba alinunua safiri hapa na kuziuzisha Ulaya mara mbili ya bei. Serikali imeondoa kodi, leo ni siku ya mwisho. Mwisho wa njia ni duka, na mule ndani wageni wengi wameacha akiba ya miaka. Mara mingi jiwe si la uongo, ni jiwe kweli, lakini la bei ya chini kabisa. Hila hii ni ya zamani sana na haijafa. Jumba lile linafunguliwa kila siku saa mbili na nusu ya asubuhi, na linafungwa mara chache tu kwa kazi za mfalme; mwenye kujua ni askari wa mlangoni, si mtu wa njiani. Polisi ya wageni iko kwa namba 1155.

Mtu aliyekwisha kuona wachimbaji mbele ya mnunuzi anajua kwamba jiwe halina bei mpaka lipimwe. Tena, mwenye mali ya kweli hakimbilii mgeni barabarani. Biashara ya mawe ya kweli iko Bangkok, upande wa Silom, na katika mji wa Chanthaburi. Rubi za Msumbiji na safiri za Madagaska zinafika kule kukatwa na kupikwa ndani ya moto ili rangi ipande. Wale wanakaa mezani na taa na mizani, na hawakuiti.

Hata zahabu ya Bangkok haisemi sana. Katika hekalu la Wat Traimit kuna sanamu ya Buddha ya mita 3 hivi, uzito wake tani 5 na nusu. Miaka mingi ilifunikwa na plasta, na kwa miaka 20 hivi ilikaa chini ya malata tu. Watu walipita bila kuitazama. Mwaka 1955 walitaka kuihamisha, ikaanguka, plasta ikapasuka, na ndani wakaona zahabu. Ukitoka pale unaingia barabara ya Yaowarat, ya Wachina, yenye maduka ya zahabu ya rangi nyekundu. Bei ya siku imeandikwa mbele ya macho ya wote. Mfanyakazi anayepata mwezi muzuri ananunua mkufu, na mwezi mbaya anaurudisha kuuzisha. Benki yake njo shingo ya bibi yake.

Mambo mengine ni ya kuyaelewa upesi. Saa mbili ya asubuhi na saa kumi na mbili ya jioni wimbo wa taifa unapigwa kwenye stasioni na bustani. Watu wote wanasimama tuli, na wewe simama. Pesa iko na sura ya mfalme, usiikanyage, na usiseme vibaya juu yake: ni miaka 3 mpaka 15 ya gereza. Usiguse mtu kichwa. Kwenye hekalu na nyumbani vua viatu.

Na mtu mweusi atatazamwa. Ndani ya boti, ndani ya duka, mtoto atakukodolea macho, mama mwingine ataomba kugusa nywele. Madukani mafuta ya kufanya ngozi kuwa nyeupe yamejaa, sawa vile kwetu, na hii inakuonyesha wanafikiri nini juu ya rangi. Wengi si wabaya. Lakini jioni, kama uko peke yako, macho yale yanachosha kupita jua.

Ni jioni hizo unarudia kwa mama yule yule wa masufuria. Siku ya nne hangoji tena kidole chako. Kule watu wanaweza kusalimiana kwa kuuliza, "Kin khao rue yang?" Maana yake, umekwisha kula wali? Jibu la adabu ni kwamba umekula. Ukijibu bado, jua kwamba sahani inakuja.