Kwanza Umwone Mama

Mnunuzi wa mtoto wa mbwa huanza na bei, kisha aina: German Shepherd, Rottweiler, Japanese Spitz, au hawa wadogo wa kubebwa kwapani. Swali linalopaswa kutangulia yote mawili ni hili: mama yake yuko wapi? Muuzaji asiyeweza kukuonyesha mama akiwa na watoto wake, pale pale walipozaliwa, anakuficha jambo, hata kama jambo lenyewe naye halijui. Mpango wa sura hii ulikuwa kupitia vyanzo vyote kwa zamu, yaani duka, barabara, matangazo ya simu, mfugaji, jirani na makazi ya mbwa waliotelekezwa, kila kimoja na sifa na kasoro zake. Lakini vyote hupimwa kwa swali hilohilo, na imani potofu zinazolizunguka ni nyingi kiasi kwamba nafasi kubwa itakwenda kwenye kuzing'oa.

Tuanze na duka, maana ndilo linaloaminiwa bila sababu. Vigae vinang'aa, vijibwa wameoshwa wakapuliziwa manukato, risiti inatolewa. Mtu anayejua fika kwamba nyama iliyo kwenye friji safi yaweza kuwa imetoka machinjio machafu huisahau elimu hiyo mara tu kijibwa anapomkazia macho. Hebu apige hesabu. Jike hubeba mimba kwa takriban siku 63, hunyonyesha kwa wiki kadhaa, na kwa kawaida hupata joto mara moja au mbili kwa mwaka. Mfugaji makini hamzalishi kila joto linapokuja, na mara nyingi watoto wake huwa na wenyewe kabla hata hawajafungua macho. Mtu huyo hana shida na duka. Duka nalo, ili liwe na watoto wa miezi miwili nyuma ya kioo wiki nenda wiki rudi, linamhitaji mtu ambaye majike yake hayapumziki. Ndiyo maana kati ya jike na kioo huwapo dalali, wakati mwingine wawili, na kila mkono unaoongezeka hufuta sehemu ya habari: alizaliwa lini hasa, alikula nini, ndugu zake wangapi walikufa.

Waingereza walifunguka macho kwa sababu ya jike mmoja. Lucy, Cavalier King Charles Spaniel, aliokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalishia mbwa huko Wales. Nyonga zake zilikuwa zimeshikana na uti wa mgongo umepinda kwa sababu ya kuishi ndani ya kizimba kisichomtosha. Manyoya yalikuwa yamenyonyoka, na alikuwa na kifafa. Alikufa mwaka 2016. Kampeni iliyoongozwa na daktari wa mifugo Marc Abraham ilizaa sheria ambayo watu huiita kwa jina la jike huyo, na tangu tarehe 6 Aprili 2020 ni marufuku England kwa mtu wa kati kufanya biashara ya kuuza mtoto wa mbwa au wa paka aliye chini ya miezi 6. Anayemtaka aende kwa aliyemzalisha, au kwenye makazi ya wanyama. California ilikuwa imetangulia mwaka 2019 kwa kuyazuia maduka kuuza mbwa wa mashamba hayo, na Ufaransa ikaondoa mbwa na paka madukani Januari 2024. Wapinzani walidai kwamba marufuku huisukuma tu biashara gizani. Hoja hiyo ina ukweli wake, kwani matapeli wamepata kukodi nyumba nzuri na kuazima jike wa kuigiza umama. Lakini tapeli haingii gharama ya kuazima mama ila kwa sababu wanunuzi wameanza kumuulizia.

Pingamizi lingine husikika zaidi kwetu: fulani alinunua dukani na mbwa wake ana miaka kumi, mzima kabisa. Bila shaka wapo. Swali ni hali ya wengine waliopita njia hiyohiyo, na Marekani wamewahi kuichunguza kwa karibu. Kati ya Januari 2016 na Februari 2018 watu 118 katika majimbo 18 waliugua kuhara kwa bakteria wa Campylobacter, na 29 kati yao walikuwa wafanyakazi wa maduka ya wanyama. Chanzo kilikuwa vijibwa wa dukani, na bakteria wenyewe walikuwa sugu kwa antibayotiki ambazo daktari angezikimbilia kwanza. Wachunguzi walipofungua kumbukumbu za vijibwa wapatao 150 walikuta asilimia 95 walikuwa wamepewa antibayotiki angalau mara moja, na zaidi ya nusu ya hao walipewa kama kinga tu, hawakuwa wagonjwa. Biashara inayowapa watoto dawa kabla hawajaugua inajua kwamba wataugua. Ukichukua watoto wa matumbo mengi, wenye umri ambao kinga yao ni dhaifu, ukawachanganya ndani ya gari moja na chumba kimoja, hakuna vigae vitakavyowaokoa.

Hapa ndipo muuzaji hutoa kadi. “Ameshachanjwa,” atasema, na mnunuzi hutoa pesa. Kosa hili linastahili maelezo marefu kuliko yote, kwa sababu limeua vijibwa wengi waliopendwa sana. Mtoto wa mbwa hupata kinga yake ya kwanza kwenye maziwa ya mwanzo ya mama, yale mazito ya siku ya kwanza. Kinga hiyo hupungua taratibu, na kwa watoto walio wengi huisha mahali fulani kati ya wiki ya 6 na ya 16. Lini hasa, hutofautiana hata kwa ndugu wa tumbo moja. Tatizo ni kwamba kinga ya mama haichagui. Inapambana na virusi vya ugonjwa, na inapambana vilevile na chanjo, kwa kuwa chanjo ni virusi vilivyodhoofishwa. Kwa hiyo kila kijibwa hupitia kipindi ambacho kinga ya mama imeshuka mno kumlinda na ugonjwa, lakini bado inatosha kuiua chanjo. Hakuna daktari anayeweza kukitambua kipindi hicho kwa macho. Ndiyo sababu chanjo hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16 au azidishe. Aliyedungwa mara moja katika wiki ya 6 ameanza tu kuchanjwa. Pavo, ugonjwa unaoharibu utumbo, hujificha mwilini kwa siku 3 hadi 7, na virusi vyake hukaa udongoni kwa miezi mingi. Anayerukaruka Jumamosi dukani anaweza kuharisha damu Alhamisi nyumbani kwako, na ukipiga simu utaulizwa umemlisha nini. Ukiona kadi, tazama kama ina lebo iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, yenye namba ya toleo, na muhuri na sahihi ya daktari kando yake. Tarehe tatu zilizojazwa kwa wino mmoja, mwandiko mmoja, bila lebo hata moja, zimeandikwa siku moja. Kisha omba kadi ya mama, kwa sababu mama asiyewahi kuchanjwa ana kinga haba ya kumrithisha mtoto.

Imani nyingine ni kwamba kijibwa achukuliwe mapema, wa wiki nne au tano, ili “amzoee mwenyewe”. Wenye imani hii aghalabu ndio walewale wanaomlisha mbwa pilipili na kumfungia gizani ili awe mkali. Pilipili humchoma tumbo tu. Kutengwa na watu kweli humbadilisha mbwa, ila si kama wanavyodhani, na ushahidi upo tangu mwaka 1961. Katika maabara ya Jackson huko Bar Harbor, Maine, ambako John Paul Scott na John Fuller walikuwa wakifuga jamii tano za mbwa, mojawapo basenji wa Kongo, watafiti Freedman, King na Elliot waliwalea watoto wa mbwa pamoja na mama zao ndani ya uwanja wenye uzio mrefu, wasimwone binadamu hata wakati wa kulishwa. Kila kundi lilitolewa kwa wiki moja tu lishikwe na kuchezewa na watu: wengine wakiwa na wiki 2, wengine 3, 5, 7 au 9. Wa wiki 3 na 5 waliwaendea watu mara moja. Wa wiki 7 walisita kwanza, wa wiki 9 walisita zaidi. Waliobaki uwanjani mpaka wiki ya 14 walitoka wakiwa kama wanyama wa porini, na mmoja wao aliyeendelea kushughulikiwa kwa miezi alibadilika kidogo tu. Kipindi cha kumzoesha mbwa na watu, sauti za sufuria, pikipiki na watoto hufungwa mapema, na sehemu yake kubwa hupita angali kwa aliyemzalisha. Kijibwa aliyeipitisha bandani, kisha garini, kisha nyuma ya kioo, anafika kwako akiwa amekwisha pungukiwa. Na tusiugeuze ushahidi huo kuwa ruhusa ya kumtoa akiwa na wiki nne, kwani ni kwa mama na ndugu zake anakojifunza kudhibiti meno anapocheza. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha mbwa 70 waliotenganishwa wakiwa na siku 30 hadi 40 na wengine 70 waliobaki hadi miezi miwili. Wale wa mapema walionyesha zaidi woga, kubweka kupita kiasi na uharibifu. Anayetaka mlinzi asitengeneze mbwa mwoga. Mbwa mwoga humng'ata mtoto wa nyumbani kabla hajamwona mwizi.

Ukifika kwa mfugaji, mtazame mama kabla ya kushika mtoto yeyote. Jike aliyezaa hivi karibuni ana matiti yaliyojaa au yaliyolegea, na watoto humkimbilia wakitafuta kunyonya. Akiwafukuza kama wageni na tumbo lake limekaza, umeletewa mwigizaji. Mwangalie jike huyo mfugaji anapomsogelea: anatikisa mkia, au anajikunja? Akijificha kwa hofu, watoto wanarithi hali hiyo na kuiiga pia. Cheti cha East Africa Kennel Club ni kitu kizuri, ila kinathibitisha ukoo. Hakisemi lolote kuhusu nyonga, na kwa German Shepherd nyonga ndizo za kuuliziwa: wazazi wamepigwa eksirei? Mfugaji atakayekuuliza wewe maswali mengi, kwamba unaishi wapi na nani atabaki na mbwa mchana, usimkasirikie. Huyo ndiye uliyekuwa ukimtafuta.

Wachuuzi wa Nairobi wanaosimama juani kandokando ya barabara na kijibwa mkononi nitawapitia upesi. Watu hununua kwao kwa huruma, wakisema wanamwokoa yule mdogo. Noti wanayolipa ndiyo inayomleta mwingine pale kesho yake. Kama unaona mateso, watolee taarifa kwa KSPCA, shirika la Kenya la kulinda na kutunza wanyama, usiwalipe.

Njia mbili kati ya zilizobaki hudharauliwa bila haki. Makazi ya waliotelekezwa, kama ya KSPCA kule Karen, au ya shirika la Mbwa wa Africa huko Arusha, mara nyingi hayana mama wa kukuonyesha, na hapa msomaji makini atanibana. Jibu ni kwamba swali la mama ni kinga dhidi ya anayefaidika kwa kumficha, na makazi hayana faida hiyo. Yatakwambia wazi yasiyoyajua. Tena ukichukua mbwa mzima, tabia unaiona mbele yako, huhitaji kuibashiri. Ya pili ni jirani. Huyu jike unayempita kila siku, anayejulikana mtaa mzima kuwa mtulivu na mlinzi, akizaa, watoto wake unaweza kuwafuatilia tangu wiki ya kwanza bila kulipa dalali yeyote. Watu humwita mbwa koko na kwenda mjini kununua woga wenye cheti. Mchukue mtoto wake akiwa na wiki nane, maliza chanjo zote, ile ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu isikosekane, kwa maana hadi asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huo huupata kwa mbwa. Na muuzaji yeyote akikwambia atakuletea kijibwa kwenye kituo cha mafuta ili kukupunguzia safari, mjibu kwamba safari hiyo unaitaka.