Orodha ya Mwaka 1894

Vitabu vingi huianza historia ya kriketi ya Afrika Kusini Machi 1889, Port Elizabeth, walowezi walipopambana na timu kutoka Uingereza. Ukianzia hapo utadhani mchezo ulikuwa wa Wazungu, Waafrika wakaja kuuokota baadaye sana. Wakati huo tayari walikuwa wakiucheza, tena kwa ustadi.

Mashariki mwa Koloni ya Rasi, shule za misheni kama Lovedale na Healdtown ziliwapa vijana wa Kixhosa Biblia, Kiingereza na kriketi. Wamisionari walitaka nidhamu. Vijana nao walikuwa na hesabu zao: Mwafrika mwenye mali ya kutosha aliruhusiwa kupiga kura, na kucheza mchezo wa mabwana kwa kufuata kanuni zao kulikuwa namna ya kuonyesha kwamba haki hiyo inamstahili. John Tengo Jabavu alipoanzisha gazeti la Imvo Zabantsundu mwaka 1884, habari za kriketi zilipata nafasi yake pamoja na siasa. Miaka hiyohiyo klabu ya Waafrika ya King William's Town iliwafunga Wazungu wa mji wao.

Tatizo la walowezi lilianzia hapo. Mchezo unaotangazwa kuwa shule ya haki una hatari zake: mwanafunzi anaweza kumshinda mwalimu, na matokeo yakaandikwa.

Mwaka 1892 Waingereza walicheza Cape Town na wachezaji 18 wa jamii ya Wamalay. Miongoni mwao alikuwamo Krom Hendricks, mrushaji wa mipira ya kasi ya kutisha, na wageni wenyewe walimsifu. Timu ya kwanza ya Afrika Kusini ilipoandaliwa kwenda Uingereza mwaka 1894, jina lake lilitajwa. Wapo waliopendekeza aende kama mtunza mizigo, dharau ambayo Hendricks aliikataa. William Milton, kigogo wa kriketi ya Rasi na mtu wa karibu wa Waziri Mkuu Cecil Rhodes, alisimama upande wa waliompinga, na meli ikaondoka bila mrushaji wao hatari kuliko wote. Tusisahau kwamba serikali ya Rhodes ilikuwa imekwisha kupandisha masharti ya kupiga kura mwaka 1892. Milango miwili ilifungwa na watu walewale. Sheria ya ubaguzi ingekuja kuufuata uamuzi wa uwanjani.

Kilichofuata kinajulikana zaidi. Basil D'Oliveira, chotara wa Cape Town, alihamia Uingereza mwaka 1960 ili apate kucheza. Mwaka 1968 serikali ya Afrika Kusini chini ya Waziri Mkuu Vorster iliikataa timu ya Uingereza kwa sababu yeye yumo, ziara ikafutwa. Ilipofika 1998 ndipo Makhaya Ntini akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika Kusini mechi za Testi. Kwao ni Mdingi, kijiji kilicho jirani na King William's Town.