Madini yanayokunja uzi wa uhai

Je, msomaji, unajua kwamba DNA iliyomo katika seli moja tu ya mwili wako ikinyooshwa hufikia urefu wa mita 2 hivi? Hata hivyo, yote hukaa ndani ya kiini cha seli, ambacho kwa kawaida upana wake haufiki sehemu moja ya mia ya milimita.

DNA ndiyo uzi unaobeba maagizo ya urithi uliyopata kwa wazazi wako. Tatizo ni kwamba uzi huo una chaji hasi ya umeme kila mahali, na chaji zinazofanana husukumana. Ukiachwa hivyo, hauwezi kukunjika vizuri.

Kazi ya kwanza hufanywa na protini ziitwazo histoni, zenye chaji chanya. DNA huzungushwa karibu mara 2 juu ya kila kifurushi cha histoni 8, kama uzi wa cherehani kwenye kigurudumu chake. Lakini histoni hutuliza sehemu tu ya chaji hiyo. Inayobaki hutulizwa kwa msaada wa ayoni, yaani chembe ndogo mno za madini zenye chaji, kama potasiamu na magnesiamu. Magnesiamu ina nguvu zaidi kwa sababu ayoni yake hubeba chaji chanya 2, ilhali ya potasiamu hubeba 1.

Mwaka 2018, watafiti nchini Japani walionyesha jinsi seli inavyotumia nguvu hiyo. Kwa kawaida magnesiamu nyingi hushikwa na ATP, kemikali inayoipa seli nishati. Seli inapogawanyika, ATP hupungua, magnesiamu huachiliwa, na DNA hukazwa kuwa kromosomu imara. Watafiti walipoizuia magnesiamu hiyo, kromosomu hazikukazika inavyotakiwa. Hii si hasara ndogo, kwani kromosomu zisipogawanywa sawasawa, seli mpya hupata maagizo pungufu au ya ziada.

Je, ukimbilie duka la dawa kununua vidonge vya magnesiamu? La. Seli hujipimia yenyewe kiasi inachohitaji, na kumeza zaidi hakukazi DNA yako. Anayekuuzia vidonge "vya kutengeneza DNA" anakula pesa zako bure. Figo zenye afya hutoa magnesiamu inayozidi, lakini kwa mgonjwa wa figo inaweza kurundikana mwilini na kuvuruga mapigo ya moyo.

Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 310 hadi 420 kwa siku. Maharagwe, ndengu, njugu, mchicha na unga wa mahindi yasiyokobolewa vina magnesiamu ya kutosha. Walio hatarini kupungukiwa ni wanaoharisha kwa muda mrefu, walevi wa kupindukia na wanaotumia baadhi ya dawa za kuongeza mkojo. Ikiwa wewe ni mmoja wao, mwone daktari akupime kabla ya kumeza chochote.