Udereva wa Lori: Kijana wa Kawangware Aanzie Wapi?

Apitaye Kawangware alfajiri, katika barabara ya Naivasha karibu na soko, huyakuta malori yakishusha viazi na kabichi kabla jua halijachomoza, na vijana wamejipanga kupakua magunia kwa ujira wa siku. Wengi wa vijana hao wamesoma. Wengine wana vyeti vya kidato cha nne vilivyohifadhiwa vizuri nyumbani, huko Gatina au Congo. Wanapopumzika hawalitazami gunia, bali kile kiti cha juu nyuma ya usukani, na kila mmoja hujiuliza moyoni: nami nitafikaje pale?

Swali hilo lastahili jibu la kweli, kwa kuwa majibu ya uongo ni mengi mtaani, na yote huuzwa kwa fedha.

Heshima ya dereva si ya jana. Wakati wa vita vya 1939 hadi 1945, Waafrika wengi wa nchi zetu walifundishwa kuendesha malori katika kikosi cha uchukuzi cha jeshi, East African Army Service Corps, na waliporudi makwao walirudi na ujuzi ambao wazee wao hawakuwa nao. Miaka ile dereva alikuwa mtu wa kuamkiwa, maana ndiye aliyeleta habari za bei na mambo ya mjini. Wala hakuonewa kwa urahisi. Mwaka 1949 madereva wa teksi wa Nairobi waligoma kwa kupinga masharti waliyowekewa na halmashauri ya mji. Leo ufahari ule umepungua, lakini kazi yenyewe imekuwa kubwa zaidi. Shehena za Uganda, Rwanda, Sudani Kusini na mashariki ya Kongo zishushwazo Mombasa husafiri kwa wingi juu ya matairi, na njia yake kuu hupita Waiyaki Way, mwendo mfupi tu kutoka Kawangware.

Tuanze na leseni, kwani hapo ndipo wengi hudhani safari imekwisha. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iitwayo kwa kifupi NTSA, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Mwanafunzi huandikishwa katika shule ya udereva, hupata kibali cha kujifunza, hufundishwa alama na kanuni za njia, kisha hutahiniwa. Kwanza husimamishwa mbele ya ule ubao wa mji, wenye barabara zilizochorwa na vigari vidogo kama vya watoto. Halafu hupelekwa barabarani. Maombi na malipo hupitia eCitizen. Zamani watu walizoea kusema mtu ana BCE, wakimaanisha kwamba aweza kuendesha motokaa na malori pia. Madaraja hayo yamebadilishwa. Siku hizi C1 ni lori dogo, C ni lori la wastani, na CE ni lori livutalo trela. Kila daraja lina umri wake, na mtu hapandi trela kabla ya kupita madaraja ya chini.

Kwa hiyo amwambiaye kijana, "Lete fedha, nami nitakupatia leseni ya trela bila wewe kukanyaga klachi," anamwibia mara mbili. Kwanza, mwajiri mwangalifu huikagua leseni kwa NTSA kabla ya kumpa mtu ufunguo. Pili, leseni ya namna hiyo haimfundishi mtu kusimamisha lori.

Lakini hata leseni ya halali haimpatii mtu kazi. Tuseme yuko kijana wa miaka 25, mwenye leseni ya lori dogo aliyoipata kwa haki, baada ya mama yake kuuza kuku na chama chake kumkopesha. Anavaa shati safi, anakwenda kwa miguu mpaka eneo la viwanda, na kila langoni anaulizwa swali lile lile: umeendesha miaka mingapi, na nani atakushuhudia? Hana wa kumshuhudia. Hapati kazi kwa kuwa hana uzoefu, na hapati uzoefu kwa kuwa hana kazi. Jioni anarudi Kawangware, na mwezi ujao chama kinataka fedha zake.

Twaona si haki kumlaumu mwenye lori. Lori na trela ni mali ya mamilioni ya shilingi, ambayo mara nyingi ni deni la benki, na juu yake kuna mzigo wa mtu mwingine. Asiyemjua kijana hawezi kumkabidhi vitu hivyo kwa sababu ya shati safi.

Mlango uliopo ni ule ambao wenye vyeti huudharau, yaani kazi ya msaidizi wa dereva, ambaye watu humwita taniboi. Ni kazi ya jasho na vumbi, na ujira wake ni mdogo. Lakini taniboi mwenye macho hujifunza yasiyofundishwa shuleni: kufunga turubai lisipeperuke, kubadilisha gurudumu usiku penye tope, kusikia sauti ya injini iliyo mgonjwa, kusoma hati za mzigo, kujua mahali pa kulala salama. Baada ya hapo hutafuta kanta ya mjini, ile ihamishayo vyombo vya nyumba au kupeleka saruji na mabati. Huko ndiko mtu hujifunza kurudi nyuma katika vichochoro vya Kawangware bila kuvunja kibanda cha mtu. Na awezaye hilo, tena siku ya soko, amefuzu mtihani usio mdogo.

Hapa twatoa shauri ambalo huenda wengine wakalicheka, wakisema ni desturi ya makarani. Kijana na anunue daftari. Kila siku aandike tarehe, aina ya lori, njia aliyopita, mzigo aliobeba na jina la aliyemtuma. Kila amalizapo kazi kwa mtu, aombe barua fupi yenye sahihi na namba ya simu. Langoni, mwenye daftari la miaka 2 na barua 3 si mgeni kama yule mwenye leseni tupu.

Kuna njia nyingine ya kupata uzoefu, nayo ni ya siri. Dereva amechoka usiku, naye humwambia taniboi, "Shika kidogo, nami nilale." Kijana hufurahi, akidhani bahati imemjia. Kama hana leseni ya lori lile, bahati hiyo ni mtego. Likitokea jambo, kampuni ya bima hupata sababu ya kukataa kulipa, mwenye lori hupoteza mali, na kijana husimama mbele ya hakimu peke yake. Dereva aliyelala huwa mwepesi sana wa kusahau kwamba ndiye aliyemwambia.

Jambo kubwa kupita yote ni mteremko, nasi tutakaa hapa kidogo. Dereva atokaye Kawangware kuelekea magharibi hukutana nao mapema. Akifika Rironi na kushika njia ya chini, huanza kushuka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, katika barabara iliyojengwa na Waitalia waliotekwa katika vita vya pili, ambao kanisa lao dogo lingali kando ya njia. Mbele zaidi, kupita Nakuru, iko miinuko ya Salgaa na Sachangwan, ambayo majina yake yanajulikana kwa misiba.

Breki hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huzaa moto. Lori zito likizuiwa kwa breki peke yake mteremko mzima, vyuma hupata moto mpaka breki hupoteza nguvu, na kanyagio lile lile lililolisimamisha lori juu ya mlima halilisimamishi tena chini yake. Kwa hiyo gia nzito huchaguliwa kabla ya kuanza kushuka, ili injini yenyewe ilizuie lori. Mwenye kungoja mpaka mwendo umekuwa mkali huenda asiipate tena ile gia. Wako madereva ambao huiweka gia huru, wakidhani wanaokoa dizeli wapate kuiuza kando ya njia. Huu ni ujinga juu ya wizi. Injini nyingi za kisasa, lori likishuka katika gia na mguu ukiwa haumo kwenye kanyagio la mafuta, hazinywi karibu kitu. Katika gia huru ndipo zinapokunywa. Mtu huhatarisha roho za watu kwa faida isiyokuwapo.

Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, trela lililoshindwa kusimama liliwaparamia wachuuzi, wapita njia na matatu, na watu zaidi ya 50 walikufa. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja na madumu kuteka petroli, na moto ulipowaka uliua watu zaidi ya 100. Dereva wa mafuta hana budi kujua kwamba lori lake likianguka, kazi yake ya kwanza akiwa hai ni kuwafukuza watu, hata wakimtukana.

Baada ya mteremko huja mizani. Iko Mariakani, Athi River, Gilgil, Webuye na kwingineko. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 huweka kikomo cha tani 56 kwa lori kubwa kabisa, lakini kila ekseli pia ina kikomo chake. Chukua lori la ekseli 6. Ekseli ya usukani huruhusiwa tani 8, zile mbili za kati tani 18, na zile tatu za trela tani 24. Jumla ni tani 50. Sasa mzigo wa lori zima ukipimwa na kupata tani 49, dereva mgeni hushangilia. Lakini kama umeegemea mbele, kati pakawa na tani 21 na nyuma tani 20, lori limevunja sheria, nalo huzuiwa. Taniboi aliyetazama vizuri upakiaji huiona kasoro hiyo mapema, gunia la mwisho likingali chini.

Sheria ya Barabarani, Sura ya 403, humkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 kwa jumla katika muda wa saa 24. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na lori halipaswi kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kila ajuaye hesabu ataona kwamba tajiri atakaye mzigo ufike Malaba kesho asubuhi, kwa dereva mmoja, anataka sheria ivunjwe. Kijana na aulize habari hiyo kabla ya kutia sahihi, pamoja na mshahara, fedha za safari, na nani hulipa faini ya mizani.

Kazi hii pia hutegemea mambo yasiyo mikononi mwa dereva. Mwaka 2019 serikali ilipoagiza makontena yachukuliwe kwa reli mpya, watu wa malori waliandamana Mombasa. Septemba 2022 shughuli za kutoa mizigo zikarudishwa bandarini. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva walikaa siku nyingi katika foleni za Malaba na Busia wakingoja kupimwa. Mwaka 2021 wengine walikataa kwenda Juba baada ya wenzao kuuawa njiani. Mke aolewaye na dereva wa safari ndefu yafaa aelezwe haya mapema, tena na mumewe mwenyewe. Maradhi ya njiani nayo yasifichwe. Vituo vya afya kwa madereva viliwekwa kando ya barabara kuu, kama pale Mlolongo, kwa sababu hitaji lilikuwapo.

Kwa waahidiwao kazi ya lori Ulaya au Ghuba, neno ni moja: wakala aulizwe kwanza kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na fedha zibaki mfukoni mpaka jibu lije. Na kwa binti wanaoitamani kazi hii, usukani wa siku hizi hautaki misuli ya zamani, na wako wanawake wanaoendesha trela.

Siku kijana wa daftari atakapoitwa kujaribiwa, asishangae asipopewa ufunguo mara moja. Wajaribuji wengi wazoefu humwambia mtu alizunguke lori kwanza. Humtazama kama ameinama kuona uvujaji chini ya injini, kama amegonga matairi ya ndani yasiyoonekana, kama ametikisa kamba na kukagua taa za nyuma, na kama, baada ya kuwasha, amengoja upepo wa breki ujae kabla ya kugusa gia. Haya huchukua karibu robo saa. Mara nyingi mjaribuji amekwisha kuamua kabla gurudumu halijazunguka.