Kompyuta Imefika Kazini: Mfanyakazi Afundishweje?

Siku hizi kompyuta si jambo la mjini tu. Utaiona katika zahanati, inatunza majina ya wagonjwa na dawa walizopewa. Utaiona katika chama cha ushirika, inatunza hesabu ya kilo za kahawa za wakulima. Karani akikosea tarakimu moja, mkulima hupunjwa. Mwuguzi akipotea ndani ya programu, mama mwenye mtoto mgonjwa hungoja benchini. Basi, kumfundisha vema mfanyakazi ni jambo linalotuhusu sote.

Mara nyingi mafunzo huwa hivi: watu hukusanywa ukumbini, mwalimu huonyesha picha ukutani, nao hutazama. Jioni hupewa cheti. Baada ya wiki mbili wamesahau. Je, ni wajinga? Hata kidogo. Mtaalamu Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri, akatoa kitabu mwaka 1885. Aliona kwamba mambo tuliyokariri hupotea upesi sana siku ya kwanza, lakini hukaa tukiyarudia kwa siku mbalimbali.

Njia njema ni ipi? Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Marekani vilijaa watu wasioijua kazi. Kati ya mwaka 1940 na 1945 wasimamizi wao walifundishwa hatua 4. Kwanza, mwondolee mwanafunzi hofu, umwulize anajua nini. Pili, mwonyeshe kazi, jambo moja moja, na sababu yake. Tatu, aifanye mwenyewe huku akikueleza. Nne, mwache kazini, lakini ajue wa kumwuliza, nawe urudi kumtazama mara kwa mara.

Hatua hizo zafaa kwa kompyuta pia. Mwuguzi ajifunze kwa kazi ile ile ya zahanati yake. Ajifunze siku chache kabla ya kuanza, siyo miezi mingi kabla. Abonyeze mwenyewe, tena akosee kwanza katika majina ya mazoezi, ambako hakuna mgonjwa atakayeumia.

Nawe msomaji, labda u mjumbe wa ushirika au wa kamati ya zahanati. Siku programu mpya itakapoletwa, usiulize bei ya mashine tu. Uliza pia: Ni nani atakayerudi mwezi ujao kuwasaidia wafanyakazi wetu? Haba na haba hujaza kibaba.