Mtoto Anayerudi Msafi

Ndugu msomaji, juma hili nataka tuzungumze kuhusu uchafu. Sina maana ya taka zinazozagaa kandokando ya barabara zetu, kwani hizo tumekwisha kuzizungumza mara nyingi katika safu hii. Nazungumzia uchafu wa mtoto mdogo: matope magotini, mchanga kwenye nywele na doa la embe kifuani. Nataka kuutetea uchafu huo, na kabla sijaanza niungame kwamba kwa muda mrefu mimi mwenyewe nilikuwa adui yake.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa Juni. Binti yetu wa mwisho alikuwa na umri wa miaka minne. Mama yake na mimi sote tuko kazini, na msichana aliyekuwa akitusaidia nyumbani alikuwa amekwenda kwao kuuguza. Karibu na mtaa wetu hapa Dar es Salaam palikuwa na shule ya chekechea iliyobandika tangazo kubwa getini: kambi ya likizo ya Montessori, watoto watacheza na kujifunza kwa njia ya asili. Tuliona mambo yetu yamenyooka. Tukalipa.

Siku ya kwanza mtoto alirudi gauni limelowa na miguu imejaa udongo mwekundu. Mimi, baba mwenye busara, nikachukua kalamu nikaandika katika daftari lake la mawasiliano: “Tafadhali asichafuke.” Kuanzia siku ya pili mtoto akawa anarudi soksi nyeupe kama alivyoondoka nazo. Mama yake akafurahi, sabuni ikadumu, nami nikajisifu.

Juma la pili nilipita kumchukua mapema, yapata saa nne asubuhi. Niliwakuta watoto zaidi ya ishirini wameketi kwenye mikeka ndani ya chumba kimoja, mlango umefungwa, wakitazama katuni kwenye televisheni. Nje palikuwa na mwembe mzuri wenye kivuli kipana. Chini yake hapakuwa na mtu. Bembea ilikuwa imefungwa kwa kamba isiguswe.

Nikamwuliza mwalimu, “Samahani mwalimu, hawa hutoka nje saa ngapi?”

Akanijibu bila kunung'unika, “Mzazi, tukiwatoa watachafuka. Na wakichafuka, ninyi wazazi ndio mnaotuandikia.”

Sikuwa na la kusema. Niliondoka na mtoto wangu mkononi, nikaamua kutafuta maana ya lile neno nililolilipia pesa bila kulijua.

Montessori si aina ya jengo wala si kiwango cha ada. Ni jina la mtu. Maria Montessori alizaliwa nchini Italia mwaka 1870, na mwaka 1896 alihitimu udaktari wa tiba katika Chuo Kikuu cha Roma, wakati ambapo wanawake madaktari nchini humo walikuwa wa kuhesabika. Kazi yake ya awali ilikuwa miongoni mwa watoto waliodhaniwa kwamba hawawezi kufundishika kwa sababu ya upungufu wa akili. Aliwapa vitu vya kushika, kupanga na kupima, akaona wanajifunza. Akajiuliza: kama hawa wanaweza, hao wengine wanazuiliwa na nini?

Jibu alianza kulipata tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma. Ulikuwa mtaa wa makabwela. Kampuni moja ilikuwa imekarabati majumba ya kupangisha mtaani humo, lakini mchana wazazi walipokwenda vibaruani, watoto wadogo walibaki wenyewe wakichora kuta na kuharibu ngazi. Wenye majumba wakaona ni nafuu kuwakusanya katika chumba kimoja chini ya uangalizi. Daktari Montessori akakabidhiwa watoto wapatao 50. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mfumo ambao leo tunauona kuwa wa watoto wa wenye nafasi ulianza na watoto wa vibarua.

Mle ndani aliweka viti na meza vya kimo cha mtoto. Aliweka vifaa ambavyo mtoto anaweza kuvitumia akajiona mwenyewe alipokosea, bila kungoja kukemewa. Aliwapa kazi za kweli za nyumbani: kunawa, kufagia, kufunga vifungo, kumimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine. Alichanganya watoto wa umri tofauti ili mkubwa amwonyeshe mdogo. Zaidi ya yote, alitaka mtoto aliyezama katika kazi yake asikatizwe. Ndiyo maana shule zinazofuata njia hiyo kwa dhati hutenga muda mrefu wa asubuhi, kiasi cha saa tatu, ambao haukatwikatwi na kengele.

Wengi huishia hapo, wakadhani Montessori ni chumba safi chenye vibao na shanga. Lakini mama huyo aliandika pia juu ya mtoto na maumbile. Alitaka watoto walime bustani na kutunza wanyama. Aliwalaumu watu wazima kwa kumfanya mtoto kuwa mfungwa wa viatu na nguo zake, akashauri waachwe wakimbie nje hata kwenye manyunyu na wavue viatu wakutanapo na dimbwi. Hebu fikiria: ningemwandikia yeye lile daftari langu, angenijibu nini?

Hakuwa peke yake. Nchini Uingereza, dada wawili, Rachel na Margaret McMillan, waliwahudumia watoto wa mafukara wa Deptford, London. Mwaka 1911 walianzisha kambi ambako wasichana wa mtaa huo waliweza kuoga na kulala mahali penye hewa safi, na mwaka 1914 wakafungua shule ya watoto wadogo yenye mabanda yaliyo wazi na bustani kubwa. Huko Copenhagen, nchini Denmark, mwaka 1943 ulifunguliwa uwanja katika kitongoji cha Emdrup ambao haukuwa na bembea wala mteremko. Ulikuwa na mbao, matofali, na takataka za ujenzi, watoto wakajijengea wapendavyo.

Siku hizi kambi za namna hiyo ni jambo la kawaida Ulaya na Marekani katika likizo ndefu ya majira ya joto. Inayostahili jina haina mambo mengi: kundi dogo, watoto wa miaka mitatu hadi sita pamoja, mchanga, maji, magogo, bustani, na watu wazima wanaojua kukaa kimya.

Sasa, mtu atauliza, mtoto anajifunza nini kwa kuchezea maji? Mtazame vizuri. Anapomimina maji kutoka kopo jembamba kwenda kopo pana, anajifunza kipimo kabla hajajua neno kipimo. Vidole vinavyoshika kifuu bila kumwaga ndivyo vitakavyoshika kalamu. Anayepanda mti anapima: tawi hili litanibeba, lile halitanibeba. Na ukumbuke michezo yetu wenyewe. Katika mdako mtoto huhesabu kete huku jiwe liko hewani. Katika kombolela hujifunza kungoja, kujificha na kukubali kukamatwa. Gari la mabua lina ekseli, na aliyelitengeneza alikuwa fundi kabla ya kwenda shule. Hatukuhitaji jina la Kitaliano kuyajua hayo. Tumeyasahau tu.

Wataalamu nao wamepima. Huko Guangzhou nchini China, watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, kama 30 katika kila 100 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, ilhali katika shule ambazo hazikuongezewa muda huo walikuwa karibu 40. Huko Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulieleza jinsi viwanja vya baadhi ya vituo vya watoto vilivyotandikwa udongo na majani ya msituni. Katika siku 28 tu, ngozi na damu za watoto hao zilionyesha mabadiliko yanayohusiana na kinga bora ya mwili. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji angalau saa tatu za kujongea kwa siku, na asikae mbele ya kioo cha televisheni au simu kwa zaidi ya saa moja. Binti yangu, kwa pesa yangu, alikuwa akipewa kinyume chake.

Je, ile shule ilivunja sheria kwa kujiita Montessori? Jina hilo halina mwenyewe. Huko Marekani ugomvi juu yake ulifikishwa mbele ya bodi ya alama za biashara, na mwaka 1967 ikaamuliwa kwamba ni jina la mfumo wa kufundisha, hivyo hakuna chama kinachoweza kulimiliki peke yake. Zipo shule nyingi zenye walimu waliosomea kazi hiyo na wanaoifanya kwa moyo. Lakini rangi ya getini haitakwambia ipi ni ipi. Mzazi lazima aingie ndani.

Ukiingia, tazama mambo haya. Kwanza, uliza watoto hutoka nje saa ngapi na hukaa kwa muda gani. Pili, tazama chini ya mti: je, pana nyayo? Tatu, angalia vitu vya kuchezea: viko kwenye kimo cha mtoto, au vimewekwa juu ya kabati visivunjike? Nne, msikilize mwalimu. Akisema “acha” na “kaa chini” kila dakika, hapo pana ulinzi, hapana malezi. Tano, hesabu watu wazima, na uulize ni nani hasa anayebaki na watoto chooni na wakati wa kulala. Swali hilo usilionee haya.

Nasema hivyo kwa sababu hofu ya wazazi wa mjini si ya kuchekwa. Sisi tulicheza mtaani hadi jua linapozama, na kila mama alikuwa mama wa wote. Leo magari na pikipiki hupita vichochoroni, mashimo ya maji taka yako wazi, vipande vya chupa viko kila mahali, na wapo watu wenye nia mbaya. Viwanja vingi vya wazi vilivyochorwa kwenye ramani vimeota kuta. Mtoto wa mjini hakuacha kucheza nje kwa hiari yake. Alinyang'anywa mahali pa kuchezea.

Nalo ni suala la haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, unatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Kwa hiyo serikali ya mtaa inapogawa uwanja wa mwisho wa kitongoji ili pajengwe fremu za maduka, haigawi ardhi tu. Wazazi tunapaswa kuhudhuria vikao hivyo na kuuliza.

Lakini tusingoje vikao. Mwezi Desemba uliofuata, sisi na majirani watatu tuliandaa kambi yetu. Jirani mmoja ana ua wenye mwembe na ukuta. Tulifukia shimo lililokuwapo, tukaokota chupa na misumari, tukafunika pipa la maji. Tukaleta lori dogo la mchanga, tukachangia bei. Tukaweka vifuu vya nazi, makopo, makuti, magunia, vijembe viwili vidogo na beseni lenye maji ya kimo cha kiganja. Tulimlipa mama mmoja aliyestaafu ualimu, na kila siku mzazi mmoja alibaki naye. Watoto walikuwa wanane. Walianza saa moja na nusu asubuhi, na jua la kaskazi lilipoanza kuwaka, ilipofika saa nne, walihamia kivulini kusikiliza hadithi. Masharti yalikuwa machache: usitoke getini, usimrushie mwenzio kitu, nawa kwa sabuni kabla ya kula. Kucha tulizikata kila Jumapili, na dawa ya minyoo waliinywa kwa ushauri wa zahanati.

Siku mbili za kwanza binti yangu alisimama pembeni ameshika gauni lake lisiguse chini. Hakuna aliyemfundisha hofu ile ila mimi. Siku ya tatu mtoto wa jirani, mvulana wa miaka mitano, alikuwa akichimba mfereji kutoka kwenye beseni, maji yakawa yanapotelea mchangani. Binti yangu alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda akachukua kuti, akalilaza ndani ya mfereji, maji yakapita. Yule mama mwalimu alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka pale, na hakusema neno.

Jioni ile alirudi nyumbani hatambuliki. Mama yake akanitazama, nami nikamtazama. Nikachukua beseni na sabuni, nikafua lile gauni mwenyewe. Udongo mwekundu hautoki kwa urahisi, ndugu msomaji, lakini unatoka.

Tukutane juma lijalo.